Mtaa wa Kauzu Ulikuwa Umelala

Kaeni vizuri, jirani zangu, na aliye mlangoni aingie, maana habari hii haifai kusikika nusu. Kuna nchi inaitwa Jamhuri ya Heko. Msiulize iko upande gani: anayeijua anaijua, na asiyeijua asihangaike, itamfikia. Huko Heko raia wana furaha kwa mujibu wa sheria, na ipo wizara nzima, Wizara ya Furaha, ya kuhakikisha hakuna anayevunja sheria hiyo.

Kiongozi wa Heko, Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, alikwenda ughaibuni kujifunza kilimo cha ngano. Ngano yenyewe ilikuwa haijaota, kwa hiyo wenyeji wake wakampeleka kwenye bustani ya michezo. Huko akapakizwa kwenye gari dogo la reli, likamwingiza ndani ya jumba lenye giza totoro, na humo gizani taa zikawa zinawaka hapa na pale kumwonyesha masanamu ya hadithi ya watoto: hapa bibi kizee anafukuza kuku, pale jini limekwama dirishani. Mlezi alitoka analia kwa furaha. Akaomba arudie. Akarudia mpaka ngano ikaota.

Siku aliyorudi nyumbani, pale pale uwanja wa ndege, alitamka maneno ambayo sasa yamechongwa kwenye jiwe: "Taifa lisilo na gari la gizani limo gizani." Watu wakapiga makofi. Umeme nao ulikuwa umekatika, kwa hiyo maneno yaliingia vizuri.

Sasa ikatafutwa hadithi ya kujengewa hilo gari. Wasomi walileta zao, lakini zilikuwa na maadili mengi mno, hakuna sanamu ambalo lingeweza kuyabeba. Mwisho ikachaguliwa hadithi ambayo kila mtoto wa mji mkuu aliijua bila kufundishwa: hadithi ya Simba aliyeazima meno, inayosimuliwa mtaa wa Kauzu na mwanamke anayeitwa Siwatu.

Siwatu alikuwa mchoraji wa mabango. Ng'ombe aliowachora kwenye kuta za mabucha walikuwa wamenona kuliko wale walioning'inia ndani. Ila kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa na brashi. Kila Ijumaa jioni Kauzu nzima ilijaa barazani kwake, wengine wakikaa ukutani kama kunguru, naye akasimulia. Baraza likiwa na nafasi, hasimulii. Alisema hadithi ni kama pilau, haipikwi ya mtu mmoja.

Na huko Heko hadithi haina hati wala muhuri. Msimulizi huuliza, "Nimwage?" Mwitikiaji wake hujibu, "Mwaga, tumekinga!" Ndipo hadithi inapoanza, na kila inapopanda mlima mwitikiaji huisukuma: "Ehe!" Ukitaka kujua hadithi ni ya nani, unamuuliza aliyeitikia, yeye ndiye shahidi. Hadithi isiyoitikiwa haijasimuliwa. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko katiba, na tofauti na katiba, haijawahi kufanyiwa marekebisho.

Mwitikiaji wa Siwatu alikuwa Fikirini, kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Sauti yake ilikuwa ikitoka, kuku wa mtaa wa pili wanashuka mitini. Tangu ujana wao yeye na Siwatu walikuwa chanda na pete, na wambeya wa Kauzu walipochoka kuwaoza, wakakubali tu kwamba kuna ndoa za aina hiyo: mmoja anamwaga, mwingine anakinga.

*

Mchoro wa kwanza Siwatu aliuchora uani kwake, juu ya mbao. Mlango wa jumba ni kinywa cha Simba kilichoachama. Ulimi ndio njia ya reli. Watoto wanapanda magari yenye umbo la magego, yanawapeleka kooni, gizani. Chumba cha kwanza: Simba kibogoyo anaazima meno kwa wanyama, kila mnyama jino moja, la usiku mmoja tu, apate kuchekea wageni kwenye karamu. Chumba cha pili: karamu imekwisha zamani, meno hayajarudi, wanyama wanakunywa uji. Chumba cha tatu: Simba anakoroma na Panya Buku amezama kinywani mwake, anang'oa jino baada ya jino. Halafu chumba cha mwisho. Kumekucha, taa zote zinawaka kwa pamoja, wanyama wamepanga foleni wanarudishiwa meno yao, Simba anatoa ufizi, hakuna anayemwogopa, na kicheko cha watu wa Kauzu kinapasuka kutoka kwenye spika.

"Mtoto ukimpitisha gizani," Siwatu alimwambia Fikirini, "lazima atoke anacheka. Akitoka hajacheka umemdhulumu. Barazani nikikosea Ijumaa hii nasahihisha Ijumaa ijayo. Hii itajengwa kwa zege, kaka. Watoto wa Heko hawatajua nyingine. Wakitaka kubadili rangi ya Simba, wabadili. Chumba cha mwisho wakiache."

Fikirini akagusa ulimi kwa kidole, akakielekeza mbinguni. "Haki ya Mungu, dada. Wakikigusa hicho chumba, na waninyoe mimi kwa wembe butu."

Waziri wa Furaha, Mheshimiwa Tele Mapambio, aliupokea mchoro kwa hotuba ndefu kuhusu mchango wa meno katika uchumi wa kati. Siku hiyo hiyo Fikirini akateuliwa kuwa Mwitikiaji Mkuu wa Taifa. Akapewa ofisi na kiti cha kuzunguka. Kiti cha namna hiyo alikuwa nacho dukani kwake, ila kule walikuwa wakikaa wateja.

*

Mchoro wa pili ulitoka kwenye Kamati ya Usingizi.

"Huyu Simba amelala," alisema mwenyekiti wa kamati, akigonga mchoro kwa kalamu. "Kiongozi wa wanyama wote, amelala! Sasa nani anaongoza?"

"Ni usiku, mzee," Siwatu alijibu. "Na asipolala, Panya ataingiaje kinywani?"

"Atakaguliwa mlangoni kama mtu mwingine yeyote. Simba atakaa macho."

"Akae macho anang'olewa meno, asimtafune?"

Kamati ikatazamana. Ikaenda kunywa chai. Iliporudi, ilikuwa na jibu: "Amemsamehe."

Siwatu aligeuka kumtazama Fikirini. Fikirini alikonyeza, akamvuta pembeni. "Waachie hilo, dada. Macho ya Simba ni nini? Tundu mbili tu zenye balbu. Chumba cha mwisho kipo."

Akawaachia. Ndipo ukaja waraka uliopiga marufuku kutaja, kuchora au kuashiria meno ya kuazima ndani ya mipaka ya Jamhuri. Mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kuwaza kwamba meno ya Mlezi ni ya bandia. Waraka ulipotoka asubuhi, mchana nchi nzima ilikuwa inajua, jioni ilikuwa inajua yalitengenezwa wapi. Basi katika mchoro wa tatu wanyama hawakuazimwa tena. Walikuwa wanachangia meno yao kwa hiari, na askari wawili wa sanamu wakaongezwa kuisimamia hiyo hiari. Panya naye hang'oi kitu. Anapiga meno mswaki.

"Sasa chumba cha mwisho atarudisha nini, ikiwa hakutoa?" Siwatu aliuliza.

"Ataonekana anarudisha, watu wataelewa wenyewe," alisema Fikirini. Siku hizo alikuwa akizungumza huku anajizungusha kwenye kiti, unapata uso, kisogo, uso. "Hadithi hazina haraka, dada. Hata mshahara husubiri mwisho wa mwezi. Nimekuapia, nimekuapia."

Siwatu akameza, kama mtu anayesukuma mwiba wa samaki kwa tonge la ugali. Akapaka rangi vyumba vitatu kama alivyoagizwa. Alikuwa akifika mlango wa kile cha nne, anaukuta umefungwa. Mafundi wanamwambia, "Bado unakauka, mama."

*

Aliyemletea habari ni Bi Mgeni, jirani yake wa ukuta mmoja, aliyekuwa akiwapikia mafundi. Alikuja na sahani mkononi ili aonekane kaja kwa shughuli.

"Shoga, mimi si msemaji."

"Sema."

"Wamekuchonga."

"Wamenichonga nini?"

"Nenda kajionee. Mimi sikusema kitu, na sahani yangu nitaifuata kesho."

Siwatu alikwenda saa ya chakula, mafundi wakiwa wamejilaza kivulini. Mlango ulikuwa wazi. Chumba cha mwisho hakikuwa na asubuhi. Simba alikuwa juu ya jukwaa, meno yote kinywani, mapya, yanawaka taa. Wanyama walikuwa chini wanampigia makofi kwa ufizi mtupu. Katikati, amefungwa pingu, amepigishwa magoti, alikuwa Panya. Panya alivaa aproni yenye madoa ya rangi. Alikuwa na kidoti chini ya jicho. Kichwani kilemba cha kitenge, na fundo la kilemba upande wa kushoto.

Mchongaji alikuwa mtu wa mkoa mwingine, hajawahi kukanyaga Kauzu. Mtu aliyemweleza habari za fundo la kushoto ni mtu aliyelitazama fundo hilo kila Ijumaa kwa miaka, akiwa amekaa mkekani, hatua moja kutoka kwake.

Alimkuta Fikirini ofisini, anajizungusha.

"Umewapa sura yangu."

"Kaa kwanza, dada, unywe maji."

"Nimekuuliza."

"Walitaka sura ya mtu anayejulikana. Ni heshima! Ungependa wamchonge nani, Bi Mgeni? Angeenea mlangoni?" Akacheka peke yake, kisha akakisimamisha kiti. "Sikiliza, Siwatu. Mimi nimeitikia maisha yangu yote. Ehe, ehe, ehe. Watu wanatoka barazani wanasema Siwatu kasimulia vizuri. Umewahi kusikia mtu kasema Fikirini kaitikia vizuri?"

"Mimi nilisema."

Kiti kikaanza tena, uso, kisogo, na safari hii kikaishia kisogo.

*

Siwatu alilifikisha shauri mbele ya Baraza la Hadithi, akiwa na uhakika wote wa haki yake. Kwani ushahidi si ule wa jadi? Anaulizwa aliyeitikia, anasema ndiyo, wanabomoa chumba. Mtu anaweza kuuza sura ya mwenzake, aliwaza, lakini kusema uongo kuhusu kuitikia? Huko Heko hata wezi hawajafika huko.

Ukumbi ulijaa Kauzu tupu. Moyo wake ukatulia alivyoona ulivyojaa.

"Bwana Mwitikiaji Mkuu," alisema mwenyekiti, "je, ulikuwa ukiitikia hadithi hii barazani kwa mlalamikaji?"

Fikirini akasimama. Akarekebisha tai. "Mheshimiwa, nilikuwepo. Ila nilikuwa nimelala."

"Watu walisikia sauti yako."

"Mimi huongea usingizini, Mheshimiwa. Ni maradhi ya ukoo wetu."

"Kila Ijumaa?"

"Ijumaa hasa, Mheshimiwa. Ndiyo siku yenye vichwa vingi vya kunyoa."

Siwatu alidhani watu watacheka. Akageuka kuwatazama ili acheke nao. "Jamani, semeni! Bi Mgeni, shoga yangu, si ulikuwa unakaa mbele kabisa, unanitemea mbegu za tikiti miguuni?"

Bi Mgeni aliinuka polepole. Shingoni alikuwa na kadi ya dhahabu, na ndipo Siwatu alipoona kwamba kadi hiyo ilikuwa shingoni mwa kila mtu: kadi ya kupanda gari la gizani bure, maisha yote, mwenye kadi na wanawe.

"Shoga, usinitafutie maneno," alisema Bi Mgeni. "Mimi nililala kabla hata ya Fikirini. Nilimwacha macho."

"Kama ulilala," aliuliza mwenyekiti, "ulijuaje yeye yuko macho?"

"Nilimwota, baba."

Ikaandikwa kwamba alimwota. Wakafuata wengine, mmoja mmoja: muuza mkaa alilala, mama wa mapacha alilala pamoja na mapacha, kipofu wa msikitini akasema yeye alifumba macho kabisa. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umekiri kulala. Daktari wa serikali aliyekuwepo alishtuka, akatangaza kwamba Kauzu imeingiliwa na malale, akaagiza mbung'o wapigwe dawa. Baraza likatoa hukumu: hadithi hii haikuwahi kuitikiwa na mtu aliye macho, hivyo haikuwahi kusimuliwa, hivyo haina mwenyewe, na vyote visivyo na wenyewe ni mali ya Mlezi.

*

Siku ya uzinduzi Siwatu alialikwa. Wizara ya Furaha haina kinyongo. Na mwaliko wenyewe ulisema asiyefika aje aeleze. Waziri Mapambio alihutubia mpaka maua ya jukwaani yakainama. Kisha Mlezi akapanda gego la mbele pamoja na Waziri na Mwitikiaji Mkuu, Kauzu ikapanda magego ya katikati na watoto mapajani, na gego la nyuma kabisa akapanda Siwatu, peke yake.

Simba akawameza. Wakapita chumba cha hiari, wakapita chumba cha mswaki. Walipokuwa kooni, kabla ya chumba cha mwisho, magari yakatetemeka, yakasimama. Taa zikazimika. Huko Heko, kwa lugha ya serikali, umeme haukatiki, hilo lieleweke, nyaya hupumzika.

Giza lile halikuwa la maonyesho. Hata mkono wako huuoni.

"Mwitikiaji," ilisikika sauti ya Mlezi, ndogo kuliko ile ya redioni. "Sema kitu."

"Mheshimiwa, mimi huitikia tu."

"Basi itikia!"

"Hakuna aliyesimulia, Mheshimiwa."

Mtoto mmoja akaanza kulia, akafuata wa pili, na punde koo lote la Simba lilikuwa kilio kitupu. Mama zao walikuwa wakisema nyamaza, nyamaza, kwa sauti ambazo zenyewe zilitaka kunyamazishwa. Siwatu alijiambia: si yangu tena. Walisema walilala, basi na waendelee kulala. Akakaza midomo. Lakini wale walikuwa watoto, na walikuwa gizani, na gari alilichora yeye.

"Nimwage?" alisema.

Na kutoka gego la mbele, kabla kichwa hakijapata nafasi ya kulizuia koo, ikapasuka ile sauti inayoshusha kuku mitini:

"Mwaga, tumekinga!"

Basi akamwaga. Aliwapa Simba anayeazima, akiomba kwa unyenyekevu jino la punda, jino la nyani. Aliwapa karamu. Aliwapa Simba anayekoroma, na alikoroma mwenyewe mpaka watoto wakasahau kulia. Kila alipopanda mlima Kauzu ilisukuma, "Ehe!", kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa vifua vyote. Panya akang'oa. Kukakucha, humo humo gizani kukakucha, punda akapata jino lake na nyani lake, na Simba akaamka akawachekea wanyama kwa ufizi. Watoto walicheka. Kauzu ilicheka mpaka magego yakawa yanaruka kwenye reli. Mbele kabisa kulikuwa na kicheko kimoja chenye mluzi, cha mtu anayecheka huku amejishika mdomo kisije kikaanguka kitu.

Siwatu alilia kimya kimya. Wamerudi, aliwaza. Wote wamerudi.

Taa zikawaka.

Kauzu nzima ilikuwa imefumba macho. Bi Mgeni kalaza kichwa kwenye bega la mumewe, kaacha mdomo wazi, anakoroma kwa bidii. Watoto walikuwa wamefunikwa macho kwa viganja vya mama zao. Gego baada ya gego, vichwa vimeinama kama mtama uliokomaa.

"Nani alikuwa anasimulia?" aliuliza Mlezi, midomo imebanwa.

Waziri Mapambio akamtikisa Fikirini, ambaye kidevu kilikuwa kifuani. "Eh? Samahani, Mheshimiwa. Nilikuwa nimelala."

"Na aliyeitikia?"

"Labda ni mimi, Mheshimiwa. Huongea usingizini."

"Ni mimi!" Siwatu alisimama ndani ya gego lake. "Mimi nimesimulia! Fikirini, nitazame!"

Fikirini alifumbua macho, akayaelekeza darini, akayafumba. Waziri aliwatazama waliolala, akamtazama mwanamke aliyesimama, akatabasamu kwa upole. "Mama, hadithi haikuitikiwa na mtu aliye macho. Kwa hiyo hujasimulia. Keti, usije ukaanguka."

Magari yakaenda. Yakaingia chumba cha mwisho, Simba akang'aa meno, Panya mwenye kilemba akapiga magoti, na Kauzu ikaamka kwa wakati ili kupiga makofi.

*

Siwatu alingoja wamkamate. Hakuna aliyekuja. Angekuja askari mmoja tu, hata wa miguu, angefarijika: pingu nazo ni ushahidi, haifungwi mikono ya mtu ambaye hakufanya kitu. Mwisho akakipeleka mwenyewe kichwa chake kituo cha polisi, jirani na lango la bustani.

"Kosa?" aliuliza sajenti.

"Nimesimulia hadithi isiyo na kibali. Gizani. Mbele ya Mheshimiwa Mlezi."

Sajenti akavuta pumzi. "Hilo ni zito, dada. Una shahidi?"

"Mtaa mzima."

Na mtaa mzima ndiyo kwanza ulikuwa unatoka langoni, kadi zinameta, watoto na aiskrimu. Wakamwona mlangoni pa kituo, wakampungia kwa mapenzi yote. "Siwatu, shoga!" Bi Mgeni alipaza sauti. "Umetukimbia! Kesho Ijumaa, tunakuja barazani. Tutajaa mpaka ukutani!"

"Ninyi!" sajenti aliwaita. "Njooni hapa. Yupo aliyemsikia huyu akisimulia leo?"

Kauzu ikasimama. Kila mtu alimtazama mwenzake. Kisha Bi Mgeni akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwayo mrefu. Muuza mkaa akaupokea. Ukaenda kwa mama wa mapacha, kwa mapacha, kwa kipofu ambaye hakuuona, ukamfikia Fikirini aliyekuwa nyuma na tai yake, ukazunguka mpaka ukamwingia sajenti mwenyewe.

"Nenda nyumbani, dada," alisema sajenti, akifuta machozi ya mwayo, akamwonyesha njia kwa adabu. "Huna kosa."